Shajara ya mradi: kusoma kidonda cha mguu wa sukari kwa umeme, Lubumbashi

Mei, wiki ya pili

Swali lililozaa mradi huu limetoka kwa muuguzi wa vidonda wa kituo kimoja cha afya huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi: "Kati ya Jumatatu na Ijumaa, chini ya bandeji kunafanyika nini?" Jumatatu anafungua kidonda, anakisafisha kwa serumu ya chumvi, anapima urefu na upana kwa rula, anaandika daftarini, anafunga. Mpaka Ijumaa hana habari. Mgonjwa mwenyewe hana habari vilevile, maana sukari imekwisha kuua mishipa ya fahamu ya mguu, na maumivu ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa ya kwanza kupiga kelele hayapo. Usaha ukianza Jumanne, wote wawili wataujua siku harufu itakapotoka.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Nilimjibu kwamba nyama na ngozi hupitisha umeme kwa namna inayobadilika kadiri kidonda kinavyobadilika, na kwamba kipimo kinaweza kuchukuliwa bila kufungua bandeji, mradi elektrodi zimebandikwa mapema kwenye ngozi nzima kuzunguka kidonda. Si jambo jipya. Mwaka 1843, huko Berlin, Emil du Bois-Reymond alipima mkondo mdogo wa umeme uliotoka kwenye jeraha la kidole chake mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Berkeley, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba utando mwembamba wenye elektrodi nyingi unaweza kutambua mahali ngozi ilipoanza kuharibika kwa kubanwa, hata kabla jicho halijaona kitu. Tampere, Finland, nako kumefanyika kazi nzuri ya kupima vidonda vya watu kwa njia hii hii. Tunachotafuta sisi ni kifaa ambacho kituo cha Katuba kinaweza kumudu bei yake, kukichaji siku za delestaji (mgao wa umeme), na kukitengeneza chenyewe kikiharibika.

Kamati ya maadili imetupa ruhusa kwa masharti mawili ambayo nayakubali kwa moyo wote: hakuna matibabu yatakayobadilishwa au kucheleweshwa kwa ajili ya kipimo chetu, na mgonjwa anaweza kusema "basi" wakati wowote.

Mei, mwisho wa mwezi

Kwa wasomaji ambao si mafundi, kazi yenyewe iko hivi. Mwili ni maji ya chumvi yaliyogawanywa na utando wa seli. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Utando ni mafuta, haupitishi, lakini hufanya kazi ya kapasita: hushika chaji pande zake mbili, kiasi cha mikrofaradi moja hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ukipeleka mkondo unaogeuka polepole, mara 1,000 kwa sekunde, utando unauzuia, nao mkondo unapita kati ya seli na seli kama mtu anayepita vichochoroni kwa sababu milango ya nyumba imefungwa. Ukiugeuza haraka zaidi, mara 100,000 kwa sekunde, sehemu yake kubwa zaidi inapita ndani ya seli zenyewe. Kwa hiyo kipimo cha frikwensi ya chini kinaeleza maji yaliyo nje ya seli na uzima wa kizuizi cha ngozi, na tofauti kati ya kipimo cha chini na cha juu inaeleza kama kuna seli hai zenye utando mzima.

Kidonda kibichi kimepoteza tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo kinapitisha umeme kirahisi. Uvimbe huongeza maji, na kipimo cha impidansi, yaani ukinzani kwa mkondo unaogeuka, kinashuka zaidi. Ngozi mpya ikianza kutambaa kutoka kingoni, seli zake hushikana bila kuacha nafasi, na impidansi ya frikwensi ya chini hupanda. Hiyo ndiyo dalili tunayoiwinda.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kituo. Nyama iliyokufa na kukauka, ile nyeusi kama kiatu, nayo ina impidansi kubwa, kwa sababu haina maji. Namba inapanda na mguu unakufa. Kwa hiyo mahali peusi hapapimwi. Hapo jicho la muuguzi ndilo linaloamua, kisha docta.

Rula nayo haidharauliwi. Kidonda cha sentimita 3 kwa 2, ukizidisha tu, unapata sentimita za mraba 6. Lakini vidonda vingi viko karibu na umbo la yai, na eneo la umbo hilo ni robo ya pai (3.14 kugawanya kwa 4) ya eneo la mstatili wake, yaani 4.7 tu. Anayezidisha tu anakiongezea kila kidonda zaidi ya robo ya ukubwa wake wa kweli. Tumekubaliana kuchora ukingo juu ya karatasi ya plastiki angavu na kuhesabu miraba. Sababu ni nzito: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 kuhusu wagonjwa 203 ulionyesha kwamba waliopunguza eneo la kidonda kwa zaidi ya asilimia 53 katika wiki nne za mwanzo, asilimia 58 yao walipona kufikia wiki ya 12. Waliobaki chini ya hapo, ni asilimia 9 tu. Wiki nne, basi, ndizo zinazotenganisha njia. Kama umeme unaweza kutuonyesha mwelekeo huo wiki moja mapema, mgonjwa anapata wiki moja ya kubadilishiwa matibabu. Mradi wote uko hapo, katika wiki hiyo moja.

Juni, mwanzo

Vipuri vimefika kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Moyo wa kifaa ni AD5933, chipu ya Analog Devices inayopeleka mawimbi ya frikwensi kuanzia 1 kHz hadi 100 kHz (mara 1,000 hadi 100,000 kwa sekunde), inasoma yanayorudi na kukupa namba mbili ambazo kutokana nazo unahesabu ukubwa na pembe ya kuchelewa. Mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza kifaa, ni ESP32, ambayo inatuma matokeo kwenye simu ya muuguzi kwa Bluetooth.

Chipu hii haikutengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu, na anayetaka kuiga mradi wetu asome hapa taratibu. Katika kiwango chake kidogo cha mawimbi, upande unaotoa umekaa juu ya volti 0.173, na upande unaopokea umekaa kwenye nusu ya volti 3.3 zinazoilisha chipu, yaani volti 1.65. Tofauti hiyo ya karibu volti moja na nusu haigeuki. Inasukuma upande mmoja muda wote. Ukiiunganisha moja kwa moja na kidonda, chini ya elektrodi moja kutazalishwa asidi na chini ya nyingine magadi, juu ya mguu ambao hausikii kuungua. Kanuni ya kimataifa ya vifaa vya hospitali, IEC 60601-1, inaruhusu mkondo unaogeuka wa mikroampea 100 kupita kwa mgonjwa katika hali ya kawaida, lakini ule wa upande mmoja ni 10 tu. Tumeweka kapasita mbili mfululizo kwenye kila waya unaokwenda kwa mgonjwa, ili moja ikipasuka nyingine ibaki kuwa kizuizi, na tumebana mkondo wetu kwenye mikroampea 50.

Halafu kuna chaja. Kifaa kinachopima mgonjwa huku kimechomekwa ukutani kinamuunganisha mgonjwa na waya za SNEL, shirika letu la umeme, na volteji yetu ikirudi baada ya delestaji hairudi kwa adabu. Maandishi ya "usipime ukichaji" hayatoshi, mtu anachoka na kusahau. Kwa hiyo kifaa kina tundu moja tu: ama unachomeka kebo ya elektrodi, ama unachomeka chaja. Viwili pamoja haiwezekani. Mwenzangu aliyelehemu bodi alitaka tundu la pili ili tuweze kusoma data wakati betri inajaa. Nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Jaribio la kwanza limefanywa juu ya saketi ya kuigiza ngozi: rezista ya 1 kΩ (kiloomu, kipimo cha ukinzani) ikifuatiwa na rezista ya 10 kΩ iliyolala sambamba na kapasita ya nanofaradi 10. Kwa hesabu ya karatasi, 1 kHz inatakiwa itoe 9.33 kΩ na pembe ya digrii 29 hivi. 100 kHz inatakiwa itoe 1.02 kΩ. Kifaa kimekaa karibu sana na hesabu kwenye frikwensi zote. Tumeiweka saketi hiyo ndani ya kisanduku kidogo chenye kebo sawa na ya mgonjwa, na kila asubuhi muuguzi anaanza nayo. Ikisoma vinginevyo, siku hiyo hakuna kupima.

Juni, katikati

Elektrodi. Kila aliyesikia kuhusu mradi huu hapa mjini ameniuliza kwa nini situmii shaba, tena hapa Lubumbashi, mji wa shaba! Shaba ni waya mzuri, lakini kwenye kidonda haifai. Ikikutana na maji ya chumvi inaoza, volteji yake inayumba, na inaacha ayoni zake (chembe zenye chaji) kwenye ngozi. Inayotulia ni fedha iliyofunikwa na kloridi ya fedha, ile ile iliyo ndani ya vibandiko vya kupimia moyo.

Vibandiko hivyo vinapatikana, lakini ni vikubwa mno kwa kidonda kilicho chini ya kidole gumba. Tunatengeneza vyetu. Sonara wa mjini amenivutia waya mwembamba wa fedha. Nimeukata vipande vya sentimita moja, nikavisugua kwa karatasi ya msasa laini mpaka vikang'aa, nikavisuuza, nikavitumbukiza kwenye glasi ya javeli, yaani jiki, ile ile ya kufulia. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Kisha mng'ao unafifia, waya unakuwa wa kijivu, unaingia kwenye rangi ya zambarau iliyokolea, na unapofikia rangi ya makaa unautoa. Tabaka hilo jeusi ndilo linalobadilishana ayoni na mwili bila kelele. Linakwaruzika kwa ukucha tu, kwa hiyo tunalilalisha ndani ya jeli na kulifunika kwa plasta. Kipande kimoja kinatumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Kila kidonda kina elektrodi nne. Mbili za nje zinapeleka mkondo, mbili za ndani zinasoma volteji tu. Kwa njia hiyo ukinzani wa pale elektrodi inapogusa ngozi hauingii kwenye hesabu, au unaingia kidogo sana. Kwa elektrodi mbili tungekuwa tunapima ubora wa jeli yetu.

Juni, siku za baridi

Wasioujua mji huu hudhani Kongo yote ni joto. Lubumbashi mwezi wa sita asubuhi inashuka chini ya digrii 10, na adhuhuri jua linawaka kana kwamba usiku haukuwapo. Tumeacha beseni la maji ya chumvi mezani na kulipima asubuhi na mchana. Maji yale yale, chumvi ile ile, elektrodi hazikuguswa: digrii 12 asubuhi, 23 mchana, na ukinzani umeshuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Ndivyo fizikia inavyosema, upitishaji wa maji ya chumvi unaongezeka kwa kama asilimia 2 kwa kila digrii moja.

Maana yake kwa mgonjwa ni kubwa. Aliyepimwa saa mbili asubuhi Jumatatu na saa nane mchana Ijumaa ataonekana kidonda kimelegea, kumbe jua limetoka. Mguu wa mtu haupoi kama beseni, lakini mishipa ya damu hubana kwa baridi, ngozi hukauka, na namba inafuata. Kuweka namba moja ya kudumu ("juu ya hapa ni kupona, chini ya hapa ni hatari") kwa watu wote na saa zote ni kujidanganya, na kifaa chochote kitakachouzwa na namba ya namna hiyo nitakitilia shaka.

Tulichoamua ni hiki: kila kipimo cha kidonda kinafuatana na kipimo cha pacha wake. Kidonda kikiwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, tunapima mahali pale pale chini ya kidole gumba cha kulia, dakika ile ile, elektrodi zikiwa zimeachana umbali ule ule. Tunagawanya cha kwanza kwa cha pili. Baridi imeigusa miguu yote miwili, sukari pia imeigusa yote miwili, kwa hiyo kwa sehemu kubwa zinafutana. Kinachobaki ni kidonda. Uwiano ukiwa chini kabisa, ngozi bado iko wazi. Ukielekea kwenye 1, ngozi inafunga.

Tofauti ya joto isiyofutana ni ile ya upande mmoja, na hiyo tunaitafuta kwa makusudi. Mguu wenye maambukizi huwa na joto kuliko mwenzake. Madaktari wa mguu wa sukari wamekuwa wakitumia tofauti ya digrii 2.2 kama kengele. Kituo kina vile vipimajoto vya kupiga kwenye paji la uso vilivyobaki tangu wakati wa Covid. Havikutengenezwa kwa ngozi ya mguu, lakini kwa kulinganisha mguu na mguu vinatupa habari ya kuanzia. Joto linaandikwa sasa kando ya kila uwiano.

Tarehe 30 Juni, sikukuu ya Uhuru, kituo kimefanya kazi nusu siku. Hakuna cha kuandika.

Julai, mwanzo

Mama mmoja wa Katuba amekuja akiwa ameungua. Baridi ilimfanya aweke miguu karibu na mbabula (jiko la makaa) jioni, kama tunavyofanya sote nyumbani. "Sikusikia moto," ametuambia. "Nilisikia harufu." Alidhani ni kitambaa kimeangukia makaa, akainama kukitafuta, ndipo akaona ni unyayo wake.

Muuguzi amemfumbisha macho na kumgusa nyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, ule unaopinda ukishabonyezwa kwa uzito huo. Anabonyeza mpaka uzi unapinda, anauliza, "Mama, unasikia sasa?" Kidole gumba, hapana. Chini ya kidole kidogo, hapana. Katikati ya unyayo, hapana. Mama anajibu kila mara bila kusita, kana kwamba anaulizwa kuhusu mguu wa jirani. Kwenye kisigino ndipo aliposema, "Kidogo."

Malengelenge yamepasuka na kuacha kidonda chini ya kidole gumba. Mapigo ya damu ya mguu yanashikika vizuri, na hilo ni jambo la kushukuru, maana mguu usiopata damu hauponi kwa kipimo wala kwa dawa. Amekubali kuingia katika mradi. Wakati nabandika elektrodi akaniuliza, "Mwanangu, hii mashini yako itasema kama mguu yangu itabakia?"

Nimemjibu, "Mama, itatuambia mapema kama kuna kitu kinaharibika. Mguu kubaki ni kazi yetu sote, na wewe ukiwemo." Akasema sawa. Uwiano wake wa kwanza ni 0.2.

Julai, wiki ya tatu

Sugu. Kingo za vidonda hivi mara nyingi zina ngozi nene, ngumu, ya manjano, iliyojengwa na uzito wa mwili. Ngozi hiyo ni kavu, na elektrodi ikikaa juu yake kipimo kinaruka juu bila kidonda kubadilika. Muuguzi huichonga sugu hata hivyo, kwa sababu yenyewe inabana nyama iliyo chini yake. Tumeweka kanuni: kuchonga kwanza, elektrodi baadaye, na uwiano unaolinganishwa ni ule wa baada ya kuchonga.

Papa (baba) mmoja, mlinzi wa usiku, ametuletea swali gumu zaidi. Mguu mmoja ulishakatwa miaka iliyopita. Uliobaki una kidonda, na pacha hakuna. Tumezungumza muda mrefu. Kumlinganisha na mgonjwa mwingine nimekataa: ngozi ya mtu na ya mtu mwingine zinatofautiana kuliko kidonda kinavyobadilika. Tumechukua mahali pa ndani pa mguu ule ule, juu kidogo ya kifundo. Si pacha wa kweli, ngozi ya hapo ni nyembamba, kwa hiyo uwiano wake hauwezi kusomwa pamoja na wa wengine na hauna sababu ya kuelekea kwenye 1. Tunaangalia tu kama unapanda au unashuka kwake mwenyewe. Kwenye simu jina lake la siri lina alama ya nyota, ili mtu asije akauchanganya.

Ni huyu Papa ninayemfikiria zaidi. Aliyepoteza mguu mmoja hana nafasi ya kungoja Ijumaa.

Agosti, baada ya Siku ya Wazazi

Uwiano wa Mama ulipanda wiki za mwanzo, 0.2 mpaka 0.35, wakati karatasi ya plastiki ilikuwa bado haijaonyesha kitu cha maana. Muuguzi alifurahi, mimi nikafurahi. Kisha ukasimama. Si kushuka, kusimama. Joto la miguu yote miwili lilikuwa sawa, harufu hakuna, usaha hakuna.

Muuguzi hakuitazama mashini, alitazama kiatu. Mama huuza samaki wa kukauka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anasimama tangu asubuhi, akiwa na kandambili zilizokwisha kisigino. Bandeji ilikuwa imelala bapa chini ya kidole gumba, imebanwa kama karatasi. Kila hatua ilikuwa inazikanyaga seli changa zilizozaliwa usiku.

Tumekwenda kwa mshona viatu aliye karibu na soko. Amechukua sandali ya saizi kubwa zaidi, akagandisha sponji ngumu ya tabaka mbili, akatoboa shimo pale kidonda kinapokaa, akakata ukingo wa shimo kwa mshazari ili usichubue. Soli ameiweka ya mpira wa tairi, haipindi. Hospitali kubwa zinatumia plasta ngumu inayofunga mguu mpaka chini ya goti na kuugawa uzito, na hiyo ni bora. Sandali ndiyo iliyowezekana wiki hii. Mama amepata pia kiti sokoni. Jirani yake wa meza amesema atamhudumia anayehitaji kuinukiwa.

Uwiano umeanza kupanda tena. Mtu mmoja si ushahidi, na sitamfanya awe ushahidi. Lakini nimebadilisha bajeti: pesa iliyokuwa ya kutengeneza kifaa cha pili inakwenda kwanza kwenye sandali za wagonjwa wote walio katika mradi. Kipimo kinachoonyesha kidonda kimesimama, kwa mtu ambaye hana cha kuvaa, kinamwongezea wasiwasi tu.

Agosti, wiki ya tatu

Jumatano simu ya muuguzi imeonyesha uwiano wa Papa mlinzi umeshuka kwa vipimo viwili mfululizo. Miadi yake ilikuwa Ijumaa. Ameitwa siku ile ile na bandeji ikafunguliwa. Kingo za kidonda zilikuwa nyeupe, laini, zimekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Eneo kwenye karatasi ya plastiki halikuwa limebadilika hata mraba mmoja. Tukamuuliza kuhusu maji. Akafikiri, akasema asubuhi kabla ya kutoka kazini humwagilia bustani ya bosi kwa mpira, na msimu huu wa kiangazi anamwagilia sana. Bandeji ilikuwa inalowa na kukaa mbichi ndani ya buti mpaka usiku.

Haikuwa maambukizi. Kifaa kilichoona ni maji, na maji yale yangeifungulia njia maambukizi. Kidonda kimekaushwa, bandeji imebadilishwa kuwa ya kunyonya zaidi, na amepewa mifuko ya plastiki ya kufunga juu ya mguu wakati wa kumwagilia, ya kuvuliwa mara baada ya kazi. Bosi ameombwa kupitia barua ya kituo ampe mtu mwingine kazi ya bustani. Jibu bado.

Tangu siku hiyo kanuni imeandikwa ukutani: uwiano ukishuka mara mbili mfululizo, bandeji inafunguliwa siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumamosi. Uwiano ukisimama wiki mbili, anatazamwa kiatu na kuulizwa kazi anayofanya. Joto likizidi digrii 2.2 upande wa kidonda, anakwenda kwa docta bila kungoja uwiano useme chochote.

Septemba, mwanzo

Baridi imeondoka, vumbi jekundu na joto vimeingia. Kuna jambo la kutazama: mguu wa sukari mara nyingi hautoi jasho, kwa kuwa mishipa inayoamrisha jasho imekufa pamoja na ile ya maumivu. Mgonjwa ambaye mguu mmoja umeathirika zaidi ya mwingine atatoa jasho upande mmoja, na pacha atalowa wakati kidonda ni kikavu. Uwiano utapotoka kwa njia ambayo baridi haikuweza kuupotosha. Tunaanza kuandika, kwa kila mguu, kama ngozi ni kavu au ina unyevu, na kabla ya kupima mahali pa pacha panafutwa na kuachwa hewani kwa dakika kadhaa.

Kidonda cha Mama kimepungua kwa zaidi ya nusu na uwiano umepita 0.6. Ameanza kumfundisha mwenzake wa sokoni, naye mgonjwa wa sukari, kukagua nyayo kwa kioo kila jioni kabla ya kuwasha mbabula.

Michoro ya saketi, programu ya ESP32 na jedwali la kuandikia vipimo vinasafishwa ili tuvitoe kwa yeyote wa Goma, Bukavu, Kolwezi au kwingine anayetaka kuvitumia. Ombi langu kwake ni kwamba asiongeze tundu la pili la chaja, na asianze kumpima mtu wa kwanza kabla hajampata mshona viatu. Wiki ijayo muuguzi atashika kifaa peke yake bila mimi kuwepo, na wauguzi wawili wa kituo cha Ruashi watakuja kujifunza kwake.